Mgeni Aje, na Mwenyeji wa Mpakani Apone

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mazungumzo yanayofanywa mara kwa mara juu ya ushirikiano wa Tanzania na Kenya katika utalii wa mpakani, nusu ya kwanza ya methali hii hukumbukwa sana. Nusu ya pili husahauliwa. Mwenyeji anayezungumziwa huwa ni mwenye hoteli na mwenye magari, ambaye makao yake ni Nairobi au Arusha. Mwenyeji wa Sirari, wa Kirumi, wa Butiama na wa Guta hatajwi, au hutajwa mwishoni kabisa, baada ya mambo yote kuamuliwa. Makala haya yanakusudia kumtaja kwanza, kisha kupima ushirikiano huo kwa mizani ya maslahi yake.

Guta ni kata ya Bunda, kandokando ya Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Wananchi wake ni wavuvi na wakulima. Upande mmoja wanaliangalia ziwa, ambalo nchi tatu hulimiliki kwa pamoja. Upande wa pili, mwendo usio mrefu kwa barabara ya Mwanza, lipo lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mito ya Grumeti na Mbalageti, inayopita katika ukanda huo wa magharibi wa hifadhi, humwaga maji yake katika ghuba hiyo hiyo. Mwezi Mei na Juni makundi ya nyumbu huja huko magharibi, kisha huelekea kaskazini na kuvuka mpaka kuingia Masai Mara, ambako hukaa mpaka mvua za Novemba zinapowarudisha. Kwa hiyo mwananchi wa Guta anaishi jirani na moja ya maajabu makubwa ya dunia. Swali ni moja tu: anafaidi nini?

Mstari wa mpaka unaotutenganisha na Kenya hatukuuchora sisi. Uliwekwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano yao ya mwaka 1886 na 1890, ukanyooshwa kwa rula kutoka ziwani hadi kwenye Mlima Kilimanjaro. Mstari huo uliwagawa Wakurya, ukawagawa Wamasai, na ukaugawa uwanda mmoja wa malisho kuwa mbuga mbili. Upande wetu ni Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, yenye kilomita za mraba 14,763. Upande wa Kenya ni Masai Mara, iliyoanzishwa mwaka 1961, yenye kilomita za mraba zipatazo 1,510. Nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na mamia ya maelfu ya pundamilia na swala, hawaujui mstari huo. Hawaombi viza wala hawasimami forodhani. Hapana shaka kwamba mali ya namna hii haiwezi kutunzwa na nchi moja peke yake. Jambo hilo halina ubishi. Ubishi upo katika mapato.

Historia ya biashara isiyo sawa

Walimu wetu wa historia wanajua kwamba ushirikiano huu si jambo jipya. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtalii wa Ulaya alishuka Nairobi, akapanda gari la kampuni ya Nairobi, akazuru Masai Mara, akavuka mpaka katika lango la Bologonja na kuingia Serengeti kaskazini. Alilala Tanzania usiku mmoja au miwili, akaiona Ngorongoro, kisha akarudi Nairobi kupitia Namanga. Fedha za safari zilikuwa zimelipwa zamani, huko huko alikotoka au Nairobi. Tanzania ilibaki na kiingilio cha mbuga, bei ya kitanda, na vumbi la magari. Mbuga zilikuwa zetu, biashara ilikuwa ya wengine.

Chama cha TANU na Serikali yake waliliona jambo hilo mapema. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ulijengwa kwa nia hasa ya kumwezesha mgeni kufika Tanzania moja kwa moja. Hoteli za umma zilijengwa mbugani, ikiwemo ile ya Lobo kaskazini mwa Serengeti. Wakati huo huo, mwaka 1970, palizuka mjadala mkali katika magazeti ya Dar es Salaam juu ya utalii na ujamaa, ambao baadaye ulikusanywa katika kitabu na Issa Shivji mwaka 1973. Waliouanzisha waliuliza kama nchi inayojenga usawa inaweza kujitajirisha kwa kuwahudumia wageni matajiri bila kuugeuza umma wake kuwa watumishi wa starehe za watu. Swali lao lilikuwa zito, na halijazeeka. Tofauti ni kwamba leo hatuulizi tena kama tuwe na utalii. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 2.1 kutoka nje, na Kenya karibu milioni 2.4. Utalii tunao. Tunachopaswa kuuliza ni nani anayeufaidi.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na mwezi Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii yaliyokuwa upande wetu yalizuiwa. Jumuiya ikafa mwaka huo huo. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya marais watatu kukubaliana mjini Arusha namna ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, lakini Bologonja haikurudi kuwa njia ya watalii, na mpaka leo haijarudi. Tuseme ukweli: kufungwa kwa mpaka kulituumiza sana. Hoteli zetu za mbugani zilikosa wageni kwa miaka mingi. Lakini kulitupa pia nafasi ya kujenga njia yetu wenyewe ya kumleta mgeni, na Arusha ya leo ni matunda ya nafasi hiyo.

Mwaka 1985 nchi mbili ziliandikiana mapatano ya utalii. Magari ya watalii ya kila upande yaliruhusiwa kuvuka katika vituo vilivyotajwa na kuwafikisha wageni katika miji iliyotajwa, lakini si kuwatembeza mbugani. Mapatano hayo yalikaa miaka karibu 30 bila kusahihishwa. Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya utalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa hoja kwamba viwanja vya ndege havimo katika mapatano. Machi 2015 Tanzania ilipunguza safari za ndege za shirika la Kenya kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Marais Jakaya Kikwete na Uhuru Kenyatta ilibidi wakutane Windhoek, nchini Namibia, walikokwenda kuhudhuria kuapishwa kwa rais wa nchi hiyo, ndipo jambo hilo likamalizwa. Mambo ya dereva na abiria yalihitaji marais wawili katika nchi ya tatu! Hiyo ndiyo gharama ya kuacha mapatano yazeeke.

Na tusidhani kwamba yamekwisha. Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo kazi ya kuongoza watalii, na wenzetu wa Kenya walilalamika wakitaja mkataba wa Soko la Pamoja uliotiwa saini mwaka 2009. Lengo la kuzilinda kazi za wananchi wetu ni lengo halali, na hakuna mzalendo atakayelipinga. Hata hivyo, katika mambo ya mpakani kinga inayodumu ni ile iliyokubaliwa na pande zote mbili. Kinga ya upande mmoja hujibiwa na kinga ya upande wa pili, na anayeumia kati yao ni dereva wa Tarime na mama mwenye mgahawa wa Isebania.

Lango lipi lifunguliwe?

Kila mwaka husikika sauti, hasa kutoka upande wa Kenya, zikitaka Bologonja ifunguliwe. Wenye hoja hiyo husema kwamba ndiyo njia fupi kati ya Masai Mara na Serengeti, na kwamba mgeni huchoka kuzunguka. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa mgeni. Kwa mwenyeji haina. Njia ya Bologonja hutoka mbugani na kuingia mbugani. Haipiti katika kijiji hata kimoja cha mkoa wa Mara. Hakuna soko, hakuna shule, hakuna makumbusho, hakuna mama anayeuza samaki wala kijana anayeziba pancha. Ni ufupi wa njia usiomnufaisha ye yote ila mwenye gari na mwenye hoteli. Isitoshe, magari mengi katika kaskazini ya Serengeti, kwenye mapito ya nyumbu na vivuko vya Mto Mara, yataiharibu ile mali yenyewe inayomvuta mgeni.

Iko njia nyingine, nayo ipo tayari, ina lami, na hupita katikati ya watu. Mgeni anayetoka Masai Mara anaweza kutokea Isebania, akavuka Sirari, akapita Tarime, akavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi na kuliona bwawa kubwa la mafunjo ambamo mto huo hupumzika kabla ya kuingia ziwani. Kwa mchepuko mfupi atafika Musoma, mji uliozungukwa na maji. Kwa mchepuko mwingine atafika Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ambako pana makumbusho yake. Kisha atapita Bunda, atashuka Guta kuuona mwalo, mitumbwi na ndege wa ghuba, na ataingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Katika safari hiyo atakuwa amekula mara tatu, amelala pengine usiku mmoja au miwili, amenunua kikapu, na amezungumza na watu. Ataondoka akijua kwamba nchi hii ina watu na historia, na kwamba wanyama ni sehemu tu ya mali yake.

Ndiyo maana makala haya yanasema kwamba ushirikiano wa utalii baina yetu na Kenya katika eneo hili uanzie Sirari, wala usianzie Bologonja. Lango la watu litangulie. Lango la wanyama liachiwe wanyama.

Msomaji atasema kwamba mgeni hapelekwi kwa amri, na kampuni za utalii hufuata njia yenye faida. Ni kweli. Lakini njia hupendeza au huchukiza kwa jinsi serikali zinavyoitengeneza. Mgeni huikwepa njia ya Sirari kwa sababu anahofia kupoteza saa nyingi mpakani, kwa sababu gari lake la Kenya haliruhusiwi kuendelea mbugani, na kwa sababu hakuna aliyempangia la kuona njiani. Yote matatu yako katika uwezo wetu. Namanga ilizinduliwa na marais wawili Desemba 2018 kuwa kituo cha pamoja ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili chini ya paa moja. Utaratibu huo ndio unaotakiwa Sirari na Isebania ufanye kazi kwa ukamilifu, kwa haraka na kwa heshima, hasa kwa msafara wa watalii. Ile kanuni ya mwaka 1985, kwamba gari la nchi moja halitembezi wageni katika mbuga za nchi nyingine, iandikwe upya kuwa utaratibu wa kupokezana: dereva wa Kenya amkabidhi mgeni kwa dereva wa Tanzania hapo Sirari, na wa Tanzania amkabidhi kwa wa Kenya wakati wa kurudi. Hapo kila upande unapata kazi yake, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake.

Kuhusu viza, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 kutoa viza moja ya utalii kwa nchi zote tatu. Tanzania haikujiunga, ikihofia usalama na mapato. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Hata hivyo tunaona kwamba Zambia na Zimbabwe, zinazogawana Maporomoko ya Victoria, zilianza mwaka huo huo wa 2014 viza ya pamoja. Inafaa wataalamu wetu wazitazame hesabu hizo upya, wakiwa na sharti moja mkononi: viza yo yote ya pamoja iendane na kituo cha mpakani kinachompitisha mgeni katika mkoa wa Mara. Tukitoa bila sharti tutakuwa tumerudi kwenye mwaka 1970.

Ziwa nalo lisisahauliwe. Zamani meli za Reli za Afrika Mashariki, kama MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, zilizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell kwa ratiba moja. Mwaka 1977 meli ziligawanywa kama vyombo vya nyumba iliyovunjika, na mzunguko huo ukafa. Kenya ina asilimia 6 tu ya maji ya ziwa, lakini ina wageni wengi wanaofika Kisumu. Sisi tuna takriban nusu ya ziwa na mwambao mrefu usio na wageni. Hapa ndipo jirani mmoja ana kisu na mwingine ana nyama. Mzunguko mpya wa boti kutoka Kisumu hadi Musoma, na kutoka Mwanza hadi Ghuba ya Speke, ungewafaa wote wawili, na vijana wa Guta wanaojua upepo na mawe ya ghuba hiyo wangekuwa ndio manahodha wake.

Maji ndiyo msingi

Kuna jambo lililo kubwa kuliko barabara na viza. Mto Mara huanza katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ambako vijito vya Nyangores na Amala hukutana, na husafiri kilomita zipatazo 395 hadi ziwani karibu na Musoma. Karibu theluthi mbili ya bonde lake liko Kenya. Wakati wa kiangazi, huo ndio mto pekee wa kaskazini ya Serengeti usiokauka. Misitu ya Mau ikiisha, na mashamba ya Bomet na Narok yakinywa maji yote, nyumbu watakufa kwa kiu upande wetu na upande wao, na hapo hakutakuwa na utalii wa kugawana. Kwa upande mwingine, sisi wa chini ya mto hatuna haki ya kuwahubiria wa juu iwapo sisi wenyewe tunalichoma bwawa la mafunjo la Kirumi na kuyachafua maji.

Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyo na makao yake Kisumu, imefanya kazi ya kusifiwa katika jambo hili. Tangu mwaka 2012, tarehe 15 Septemba huadhimishwa kuwa Siku ya Mara, kwa zamu baina ya nchi mbili, na mwaka 2015 serikali hizo zilitiliana saini makubaliano ya kulitunza bonde hilo kwa pamoja. Siku moja kwa mwaka ni nzuri kwa hotuba. Maji hunywewa siku zote 365. Tunachotaka ni kiwango cha maji kinachopimwa kwa pamoja, kinachotangazwa wazi, na ambacho kila upande unawajibika nacho.

Walio juu na walio chini ya mto huo wameunganishwa pia na sheria. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na chama kimoja cha kutetea wanyama kilicho Kenya, ikaizuia Serikali yetu kujenga barabara ya lami kupita kaskazini ya Serengeti. Wengi mkoani Mara walichukia, maana barabara ni maendeleo. Lakini mwaka 2025, nchini Kenya kwenyewe, mwananchi wa huko alifungua kesi kwamba hoteli ya kifahari imejengwa katika pito la nyumbu ndani ya Masai Mara. Kumbe mizani ni moja. Ikiwa sisi tunazuiwa barabara kwa ajili ya nyumbu, basi na jirani asiruhusu hoteli katika mapito yao. Usawa wa namna hiyo ndio unaoujenga ushirikiano, wala si maneno matamu ya mikutanoni.

Nani amelipa, nani apate

Sasa turudi Guta na jirani zake. Katika miaka hii ya 2020 wananchi wa kata ya Nyatwali, iliyo katika ghuba hiyo hiyo, walitakiwa kuhama kwa kulipwa fidia ili Serengeti ifike ziwani na wanyama wapate maji wakati wa ukame. Manung'uniko juu ya viwango vya fidia yalisikika, na si kazi ya makala haya kuyaamua. Yatosha kusema kwamba sababu iliyotolewa ni maji, na kwamba maji hayo yanapungua kwa matendo ya nchi mbili. Kwa maneno mengine, mwananchi wa Bunda ameondoka nyumbani kwa babu zake kulipia deni ambalo si lake peke yake. Kadhalika, katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi, tembo huingia mashambani usiku mmoja na kumaliza jasho la msimu mzima. Wanaolipa gharama ya uhifadhi wanajulikana kwa majina na kwa vijiji. Wanaopokea faida wanajulikana kwa kampuni tu.

Wenzetu wametangulia kuliona hili. Uganda iliweka katika sheria yake ya mwaka 1996 kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazopakana nazo. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutoa asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi, na mwaka 2017 ikaiongeza kuwa asilimia 10. Katika milima ya Virunga, Rwanda, Uganda na Kongo zilikubaliana hata namna ya kugawana mapato pale masokwe wa milimani waliozoeshwa watalii wanapovuka mpaka. Ikiwa nchi tatu zilizopitia vita zimeweza kugawana fedha za masokwe, Tanzania na Kenya zashindwaje kukubaliana juu ya nyumbu?

Hifadhi za Taifa zetu zina mpango wa siku nyingi wa ujirani mwema, uliojenga madarasa, zahanati na visima. Walimu wanaosoma makala haya huenda wanafundisha katika darasa mojawapo. Lakini msaada si haki. Msaada hutegemea moyo wa mtoaji na hali ya bajeti yake. Haki huandikwa. Tunapendekeza kwamba mapatano mapya ya utalii baina ya nchi mbili yawe na kifungu kinachotaja fungu maalumu, kwa asilimia, la vijiji vya mpakani na vya kando ya hifadhi katika pande zote mbili. Fungu hilo lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na libandikwe katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwa shilingi na senti. Mwananchi akijua kwamba nyumbu aliyefika salama Masai Mara amemletea bati za shule yake Guta, hatahitaji kuhubiriwa juu ya ujangili. Atakuwa askari wa kwanza wa hifadhi.

Kuna watakaosema kwamba kuingiza asilimia za vijiji katika mkataba wa nchi mbili ni kuyachanganya mambo ya ndani na ya nje. Tunajibu kwamba mpaka ndipo mahali ambapo mambo ya ndani na ya nje hukutana. Mkataba unaomtaja mwenye gari na mwenye ndege, usimtaje mwenye shamba, umekwisha kuchagua upande.

Wajibu wetu

Watumishi wa umma wana sehemu yao katika kazi hii. Ofisa wa uhamiaji na wa forodha aliyeko Sirari ni uso wa kwanza wa Taifa. Akimcheleweshea mgeni pasipo sababu, ameifunga njia ya Mara kwa mkono wake kuliko amri yo yote ya Nairobi. Ofisa utamaduni wa wilaya anaweza kuorodhesha mahali pa historia katika barabara ya Sirari hadi Ndabaka, asingojee fedha kutoka juu. Ofisa ushirika anaweza kuwakusanya wavuvi wa Guta wakaunda chama cha boti za wageni, mapema, kabla tajiri wa mbali hajaununua ufuko wote na kuwaachia kazi ya ulinzi wa usiku. Halmashauri nazo ziharakishe kupima ardhi ya mwambao na kuwapa wananchi hati, maana barabara ya utalii ikifunguliwa bila hati hizo, wa kwanza kufika atakuwa mlanguzi.

Walimu wana kazi iliyo ndefu zaidi. Mtoto wa Bunda anayemaliza shule bila kujua majina ya ndege wa ghuba yake, wala safari ya nyumbu, wala habari za Butiama, hataweza kumwongoza mgeni. Atambebea mizigo tu. Lugha za kigeni zifundishwe kwa bidii, lakini Kiswahili kisionewe haya, kwani ndicho kinachozungumzwa Sirari na Isebania, na ndicho kitakachowaunganisha waongozaji wa nchi zote mbili kabla ya mkataba wo wote. Tena tuwazoeshe watoto wetu kuwa wageni katika nchi yao wenyewe. Kiingilio cha mwananchi wa Afrika Mashariki katika mbuga zetu ni cha chini sana kulinganisha na cha mgeni wa mbali. Shule ya Guta ikikutana na shule ya Narok kando ya Mto Mara, hapo ushirikiano utakuwa umepata mizizi isiyoweza kung'olewa na mgogoro wa ndege.

Katika muda wa miaka zaidi ya 60 tumeujaribu ushirikiano usio na usawa, ukavunjika. Tumejaribu kufunga mpaka, tukaumia. Tumejaribu mapatano ya kufikishana mijini, yakatuletea ugomvi wa viwanja vya ndege. Kilichobaki ambacho hatujakijaribu ni ushirikiano unaopita mlangoni kwa wananchi, wenye maji yanayopimwa kwa pamoja na mapato yanayogawanywa kwa maandishi. Viongozi wetu watakapoketi tena na wenzao wa Kenya, wapeleke mezani barabara ya Sirari, na wampeleke mwananchi wa Guta akiwa na kifungu chake. Mgeni tunamkaribisha kwa mikono miwili. Mwenyeji naye apone.